Ukiwa na Shaka, Simama: Mwongozo wa Kutembeza Ndege Ardhini

Ajali iliyoua watu wengi kuliko zote katika historia ya ndege za abiria haikutokea angani. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, Boeing 747 ya KLM iliyokuwa mbioni kupaa iliigonga Boeing 747 ya Pan Am iliyokuwa bado inatembea juu ya barabara hiyohiyo ya kurukia. Watu 583 walikufa. Uwanja ulikuwa umefunikwa na ukungu. Marubani wa Pan Am walikuwa wamekipita kiungio (njia ya kutembezea ndege) walichoambiwa watokee, na nahodha wa KLM alianza mbio akiamini ameruhusiwa kuruka, ilhali ruhusa hiyo haikuwa imetolewa.

Mwongozo huu ni wako wewe unayejifunza urubani Wilson, Soroti, Dar es Salaam au kwingineko, na wako wewe rubani msaidizi ambaye ndiyo kwanza umeanza kazi. Kutembeza ndege ardhini hufundishwa mapema kabisa, kisha hudharauliwa, kwa sababu hamu ya kila mwanafunzi ni kupaa. Lakini kati ya maegesho na barabara ya kurukia kuna viungio, makutano, magari, ndege nyingine na sauti nyingi redioni, na katika safari hiyo fupi marubani hodari wamepotea.

Jambo moja naomba ulishike kuliko mengine yote. Angani ndege haiwezi kusimama, ardhini inaweza. Hiyo ni nafasi ambayo rubani hataipata tena mpaka atakapotua, na nyingi kati ya ajali nitakazozitaja zingeepukika kama mtu mmoja angesimamisha ndege kwa wakati na kuuliza.

1. Ijue njia kabla ya kuwasha injini

Ukiwa bado umeegesha, fungua ramani ya uwanja na usome notamu zote. Weka kidole mahali ulipo, kisha ukipitishe njia nzima mpaka kwenye barabara ya kurukia. Angalia mambo matatu: viungio vilivyofungwa, mahali utakapovuka barabara ya kurukia, na sehemu zilizozungushiwa duara kwenye ramani kuonyesha kwamba marubani hukosea hapo mara kwa mara.

Halafu mweleze mwenzako kwa sauti: "Tunatoka maegesho, tunashika Alfa, tunakata kushoto kuingia Bravo, tunasimama kabla ya barabara ya 23." Maelezo haya yafanyike mapema, kwa kuwa injini zikishawaka utaitwa na mnara, na wahudumu na mafundi, na kila mmoja atataka jibu lake palepale.

Usidhani uwanja unaoufahamu hauhitaji maandalizi. Huko Lexington, Marekani, njia ya kuelekea barabara ya kurukia ilibadilishwa kwa sababu ya ujenzi wiki moja tu kabla ya ajali ya tarehe 27 Agosti 2006, na ramani waliyokuwa nayo marubani haikuonyesha mabadiliko hayo. Nitairudia ajali hiyo hapa chini.

2. Andika agizo, lirudie, kisha elewaneni

Agizo la mnara liandike, hata kama ni fupi. Ukilirudia redioni, usiache jina la barabara ya kurukia wala maneno yanayohusu kusubiri, kuvuka, kuingia au kuruka. Kusema "sawa" peke yake si kurudia agizo.

Hata hivyo, kurudia vizuri hakutoshi. Tarehe 2 Januari 2024, katika uwanja wa Haneda mjini Tokyo, ndege ndogo ya Walinzi wa Pwani wa Japani iliambiwa kwamba ni ya kwanza kwenye foleni na iende mpaka mahali pa kusubiri C5. Wafanyakazi wake walilirudia agizo hilo sawasawa. Lakini nahodha alielewa kwamba ameruhusiwa kuingia barabarani, akaingia na kusimama humo kwa takriban sekunde 40. Airbus A350 ya Japan Airlines ikatua juu yake. Abiria na wahudumu wote 379 wa Airbus walitoka hai, lakini watu 5 kati ya 6 waliokuwa kwenye ile ndege ndogo walikufa. Walikuwa wakipeleka misaada kwa waathirika wa tetemeko la ardhi la siku moja kabla.

Jifunze hivi: baada ya kujibu mnara, geukianeni mseme maana ya agizo kwa maneno mepesi. "Tumeruhusiwa kufika mstarini tu. Hatujaruhusiwa kuingia." Mwenzako ajibu: "Ndiyo, tunasimama mstarini." Mkitofautiana hata kidogo, ulizeni mnara kabla magurudumu hayajasogea. Kuuliza si ujinga, na mwongoza ndege aliye makini atafurahi kuulizwa mara mbili kuliko kudhaniwa mara moja.

3. Mmoja aendeshe, macho yote yawe nje

Kasi ya kawaida kwenye kiungio kilichonyooka haizidi noti 30, yaani kama kilomita 55 kwa saa. Kwenye kona kali shuka mpaka noti 10 hivi. Noti 30 ni mita 15 kila sekunde. Ukiinamia tableti kwa sekunde 10 kutafuta kiungio, ndege imekwenda mita 150 bila wewe kutazama, na umbali huo unatosha kabisa kukupitisha kwenye mstari wa kusubiri.

Kwa hiyo gawaneni kazi. Anayeendesha asishike kitu kingine chochote. Mwenzake afuatilie ramani na kutaja kila kiungio kabla hamjakifikia: "Kinachofuata kulia ni Charlie, tunakipita. Cha baada yake ndicho chetu." Kazi yoyote ya kuinamisha kichwa, kama kuingiza takwimu kwenye kompyuta ya ndege, ifanyike mkiwa mmesimama. Mkikaribia makutano au barabara ya kurukia, vichwa vyote viwili viinuke.

Mazungumzo yasiyohusu kazi yakatike tangu ndege inapoanza kutembea. Marekani iliiweka hiyo kuwa sheria mwaka 1981, na inahusu mwendo wa ardhini sawa na kupaa na kushuka. Habari za mishahara, mpira na harusi zina wakati wake mkishafika juu.

4. Soma rangi kama unavyosoma maneno

Mistari ya viungio ni ya njano, ya barabara ya kurukia ni myeupe. Usiku, taa za bluu ziko pembeni mwa kiungio na za kijani katikati yake. Pembeni mwa barabara ya kurukia taa ni nyeupe. Ukijiona umezungukwa na nyeupe na hukuruhusiwa kuwa hapo, una tatizo la kushughulikia sasa hivi.

Vibao navyo vina lugha yake. Kibao cheusi chenye herufi za njano kinakwambia ulipo. Kibao cha njano chenye herufi nyeusi kinakuonyesha uendako. Kibao chekundu chenye herufi nyeupe kinakuambia kwamba barabara ya kurukia iko mbele yako na huna haki ya kuingia bila ruhusa. Wafundishe wadogo zako kwa ufupi: nyeusi ndipo ulipo, njano ndiko uendako, nyekundu usipite.

5. Uheshimu mstari wa kusubiri

Mstari huo una michirizi minne ya njano: miwili mizima na miwili iliyokatika. Ukiikuta mizima ikiwa upande wako, simama. Ukiikuta iliyokatika upande wako, maana yake unatoka barabarani, basi endelea mpaka mkia wote wa ndege uvuke ndipo useme umeondoka. Mara nyingi pua huwa imeshatoka huku mkia bado umebaki ndani, na ndege inayotua nyuma yako haijui hilo.

Kwenye viwanja vingi utakuta pia taa za njano zinazowakawaka kwa zamu kila upande wa mstari, na kwingine safu ya taa nyekundu iliyotandazwa kukatiza kiungio. Safu hiyo nyekundu ikiwaka usiivuke, hata kama sauti ya redioni imekuruhusu. Simama, mwambie mwongoza ndege kwamba taa bado zinawaka, na usubiri azizime.

Kabla ya kuvuka au kuingia, tazama kushoto na kulia mpaka mwisho wa macho, pamoja na kule ndege zinakotokea kutua. Kila mmoja atamke: "Kulia kweupe." "Kushoto kweupe." Washa taa zako za nje ili wengine wakuone. Ukiruhusiwa kuingia nyuma ya ndege inayotua, hakikisha umeiona ndege yenyewe kwa macho yako, na kwamba ndiyo ile iliyotajwa.

6. Kabla ya kuongeza nguvu, thibitisha barabara

Turudi Lexington. Alfajiri ile, CRJ-100 ya Comair ilitakiwa kuruka kutoka barabara ya 22, yenye urefu wa zaidi ya mita 2,100. Marubani wakaingia barabara ya 26, ambayo haikufika mita 1,100 na taa zake zilikuwa zimezimwa. Ndege ilimaliza barabara kabla haijapata kasi ya kutosha. Kati ya watu 50 alipona mmoja tu, rubani msaidizi. Wachunguzi waliona kwamba marubani hawakutumia dalili zilizokuwa wazi mbele yao, na kwamba walikuwa wakizungumza mambo yasiyohusu kazi wakati ndege inatembea.

Tazama jinsi kinga ilivyokuwa karibu. Barabara ya 22 inaelekea takriban nyuzi 220. Ndege ikishakaa katikati ya barabara hiyo, dira lazima isome karibu na 220. Siku ile ilisoma karibu na 260. Tofauti ya nyuzi 40 ilikuwa mbele ya macho ya marubani wawili, na kuiona ni kazi ya sekunde mbili. Basi iwe desturi yako isiyo na siku ya kupumzika: soma namba iliyochorwa barabarani, soma dira, taja zote mbili kwa sauti, ndipo usukume mikono ya nguvu.

Lakini dira peke yake inaweza kukuhadaa. Usiku wa tarehe 31 Oktoba 2000, mjini Taipei, kimbunga kikivuma na mvua ikinyesha, Boeing 747 ya Singapore Airlines iliruhusiwa kuruka kutoka barabara ya 05 ya kushoto. Ikakata kona mapema na kuingia 05 ya kulia, iliyokuwa imefungwa kwa ujenzi. Barabara hizo mbili zinaelekea upande uleule, kwa hiyo dira ilisoma sawa. Ndege ikagonga mashine za ujenzi na watu 83 kati ya 179 wakafa. Penye barabara sambamba, usiishie kwenye dira. Hesabu kona ulizokata, soma kibao na herufi ya upande, na ujiulize kama taa unazoziona ndizo ulizotegemea. Taa za kijani zikikuvuta kwenye kona, usizifuate kwa sababu tu zinang'aa.

7. Flapu na orodha ya ukaguzi: somo la Nairobi

Si kila kosa la ardhini ni la kupotea njia. Mengine hufichika ndani ya ndege mpaka inaponyanyuka. Asubuhi ya tarehe 20 Novemba 1974, Boeing 747 ya Lufthansa iliondoka uwanja wa Embakasi, Nairobi, kwenda Johannesburg. Flapu za mbele za mabawa hazikuwa zimefunguka, kwa sababu vali za hewa inayoziendesha zilikuwa zimeachwa zimefungwa, na ukaguzi wa kabla ya kuruka haukuligundua hilo. Ndege ilinyanyuka kidogo, ikatetema, ikarudi chini kupita mwisho wa barabara. Kati ya watu 157, walikufa 59. Ilikuwa ajali ya kwanza ya 747 kuua watu, na ilitokea kwenye ardhi yetu ya Afrika Mashariki.

Tarehe 16 Agosti 1987, mjini Detroit, MD-82 ya Northwest ilipaa bila kufungua flapu. Wakiwa wanatembea, marubani walibadilishiwa barabara ya kurukia, wakakipita kiungio chao, na orodha ya ukaguzi ya mwendo wa ardhini haikusomwa. Walikufa watu 156. Aliyepona ndani ya ndege ni mtoto mmoja wa kike wa miaka 4.

Ukikatizwa katikati ya orodha, usianze tena pale unapodhani uliishia. Anza mwanzo. Barabara ikibadilishwa, hesabu na ukaguzi wote unaoitegemea barabara hiyo virudiwe ndege ikiwa imesimama. Na usitegemee king'ora kikukumbushe, maana siku ile Detroit hakikulia.

8. Kumbuka mabawa usiyoyaona

Ukiwa umekaa kwenye kiti cha rubani wa ndege kubwa, ncha za mabawa huzioni. Boeing 747-400 ina upana wa zaidi ya mita 64, na wewe umekaa mbele kabisa. Mwezi Desemba 2013, usiku, ndege ya aina hiyo ya British Airways ilikuwa ikitoka maegesho ya O.R. Tambo, Johannesburg. Ilitakiwa kufuata kiungio Bravo. Ikaenda moja kwa moja kwenye kiungio Mike, ambacho ni chembamba zaidi, na bawa la kulia likajichomeka ndani ya jengo la ofisi. Watu 4 waliokuwa ndani ya jengo walijeruhiwa kidogo.

Kabla ya kuingia kiungio, jiulize kama kimejengwa kwa ndege ya upana wako. Penye maegesho finyu, omba mtu wa kuongoza bawa. Kama hayupo, usijipe moyo kwamba utapita, subiri aje. Ukiongeza nguvu ya injini, kumbuka pia walio nyuma yako: mabegi, ngazi, vindege vidogo na watu.

9. Ukipotea, sema mapema

Tarehe 3 Desemba 1990, tena Detroit, DC-9 ilipotea kwenye ukungu. Nahodha alikuwa amerejea kazini baada ya kukaa nje muda mrefu kwa ugonjwa, akamwachia rubani msaidizi kuongoza njia kwa kuamini kwamba anaujua uwanja. Wakaingia barabara ya kurukia bila kujua, na walichelewa kuuambia mnara kwamba hawajui walipo. Boeing 727 iliyokuwa ikipaa ikawagonga, watu 8 wakafa.

Kumbuka hapa kwamba mahali pa kusimama ni kwenye kiungio. Ukihisi huenda uko juu ya barabara ya kurukia, toka upesi kama njia ya kutoka iko wazi, na papo hapo utamke redioni kwamba huna hakika ulipo na huenda uko barabarani. Usione haya. Mwongoza ndege akisikia hivyo atazuia ndege nyingine zote.

Ukiona alama usiyoielewa, itaje vilevile ilivyoandikwa na usubiri jibu lililo wazi. Huko Linate, Milan, tarehe 8 Oktoba 2001, ndege ndogo ya Cessna iliyotakiwa kupita R5 ilishika R6. Rubani wake alitaja alama S4 aliyoiona chini, lakini mwongoza ndege hakuijua alama hiyo, na rada ya ardhini haikuwepo. Mazungumzo yakaendelea kana kwamba wote wawili wameelewana. Cessna ikaingia mbele ya MD-87 ya SAS iliyokuwa ikipaa, na watu 118 wakapoteza maisha.

10. Neno kwa rubani msaidizi

Sisi tumelelewa kutomkatiza mkubwa maneno. Ni malezi mazuri, na sitaki uyaache nyumbani kwenu. Lakini kwenye chumba cha marubani, heshima kwa nahodha ni kumwambia ukweli angali na muda wa kuutumia. Kule Tenerife, mhandisi wa ndege ya KLM aliuliza kama Pan Am haijaondoka barabarani. Nahodha alimjibu kwa uhakika kwamba imeondoka, na suala likaishia hapo.

Usiulize kwa kuzungukazunguka. Sema: "Kapteni, simamisha ndege. Hatujapewa ruhusa ya kuvuka." Jina lake la heshima umelitaja, agizo umelitoa, sababu umeieleza. Nawe kapteni, ukisikia neno "simamisha" likitoka kwa kijana wako, simamisha kwanza, ubishi baadaye. Siku akikosea, mshukuru mbele ya wengine, ili siku atakapokuwa sahihi asinyamaze.

11. Kwenye viwanja vyetu vidogo

Viwanja vingi vya mikoani na mbugani havina kiungio sambamba. Ndege hulazimika kutembea juu ya barabara yenyewe ya kurukia mpaka mwisho, igeuke, ndipo iruke. Kila dakika ya kutembea humo ni dakika ya kuwa mbele ya anayetua. Tazama angani pande zote kabla ya kuingia, tangaza ulipo na unachofanya hata kama hakuna mnara, sikiliza kama kuna anayekuja, na usikae humo kumalizia ukaguzi ambao ungeweza kuumaliza maegeshoni. Chunguza pia wanyama, watoto na watu wanaokata njia kwa miguu au baiskeli.

Ukikosea na Mungu akakuepusha, toa taarifa kwa kampuni yako na kwa mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yako. Kiungio kilichokuchanganya wewe leo kitamchanganya mwingine kesho, na kibao hakitabadilishwa kama hakuna aliyesema.

Maswali ya kubeba kila safari

Kabla ya kusogea: Njia yangu ni ipi, na nasimama wapi?

Katika kila makutano: Nipo kiungio gani, na kinachofuata ni kipi?

Kwenye mstari wa kusubiri: Ruhusa ya kuingia nimeipata, na mwenzangu ameisikia hivyohivyo?

Barabarani: Namba, dira, herufi ya upande na taa vinakubaliana?

Kabla ya kuongeza nguvu: Flapu ziko mahali pake, na orodha tumeimaliza?

Jibu la swali moja likikosekana, ndege isiendelee. Abiria wataudhika kwa kuchelewa dakika tano, mnara utakuharakisha, na ndege iliyo nyuma yako itakosa subira. Vumilia yote hayo. Hakuna kati yao atakayebeba lawama ya kosa lako, na hakuna hata mmoja ambaye angetaka uendelee kama angejua unachokitilia shaka.